Mtoto Aliyekuwa Akirukuu

Vijana wangu, kazi yangu ilinifanya niigize mbele za watu kuliko mcheza tamthilia yeyote wa Malindi. Kabla ya hizi simu mlizo nazo mikononi, mzazi alikuwa akija kliniki na maneno tu. "Mtoto huanguka, daktari." Huanguka vipi? "Huanguka tu." Basi mimi huondoka kitini nikalala sakafuni na koti langu jeupe, nikakaza mkono wa kulia, nikageuza macho, nikauliza, "Ni hivi?" Mama hutikisa kichwa. Nainuka, nakaa, nakodolea dirisha kama mtu aliyesahau jina lake. "Au ni hivi?" Hapo ndipo mama husema, "Hivyo hivyo, daktari. Hasa hivyo."

Siku moja muuguzi mgeni, ndiyo kwanza amehamia kwetu, alifungua mlango akanikuta niko chini, mkono umekakamaa. Hakuuliza neno. Alichukua kijiko cha dawa akakitia kinywani mwangu mpaka kikagonga jino. Nilipokaa kitako nikamwambia, "Dada, ahsante kwa wepesi wako. Lakini mtu akishikwa na kifafa hatiwi kitu mdomoni. Mlaze ubavu, ondoa vitu vya kumuumiza, kaa naye mpaka apoe." Alifedheheka, maskini. Baadaye yeye ndiye aliyekuwa akiwafundisha akina mama jambo hilo barazani, na kila mara alianza na kisa cha kijiko na daktari. Sikumkataza. Watu walicheka na somo likabaki.

Mmeniuliza, nyinyi mnaoanza udaktari sasa, niliingiaje katika ubongo wa watoto wakati ambapo hapa pwani hapakuwa na mtu wa kazi hiyo. Nitawaambia. Jina langu mwalijua, Daktari Maryam. Nimezaliwa Malindi, mtaa wa Shela, katika nyumba ya wauza leso. Baba alitaka niwe daktari wa wanawake, kwa hoja kwamba watu hawataacha kuzaa. Shangazi yangu hakuelewa kabisa nilichokuja kukichagua, na kwenye harusi alikuwa akinijulisha kwa watu hivi: "Huyu ni wetu, hutibu vichwa vidogo." Ukifikiri, hakukosea sana.

Lakini aliyenitia katika njia hii alikuwa mtoto mchanga aitwaye Twaha.

Wakati huo nilikuwa daktari wa kawaida tu katika hospitali moja ya serikali, nikipasua majipu asubuhi na kutibu malaria mchana. Akaja msichana mmoja aitwaye Nasra, amempakata mwanawe wa kwanza, wa miezi kama sita. Nyuma yake aliingia mama mkwe wake, Bi Zena. Bi Zena alikuwa mtu wa nyumba kubwa mjini, mashamba yao ya mikorosho yako njia ya Marafa, na akiingia mahali udi wake ulikuwa ushamtangulia. Nilimwamkia, "Shikamoo, bibi," akaniitikia marahaba huku akiitazama karatasi ya shahada yangu ukutani.

Shida yao ilikuwa ndogo, walisema. Mtoto akiamka hulia sana. Walikwenda mahali wakaambiwa ni msango, tumbo la kusokota, wakapewa dawa ya chupa, na kilio hakikwisha.

"Kulia tu?" nikauliza.

"Kulia ndiyo maradhi yake," akasema Bi Zena. "Lile jambo jengine si maradhi. Ni neema."

"Jambo gani, bibi?"

Akajiweka sawa kitini. "Mtoto huyu yuwarukuu, kama mtu aliye katika sala. Akifungua macho tu, hajanyonya, hajafanya lolote, huinamisha kichwa na kuinua mikono. Tena na tena. Watu waja asubuhi kumtazama."

Nasra alikuwa ameinama, akiikunja na kuikunjua ncha ya leso yake.

Vijana, hapo hapo nilikumbuka darasa moja. Nilipokuwa mwanafunzi Nairobi tulikuwa na mwalimu wa magonjwa ya watoto, Profesa Amolo, mwanamke mrefu asiyekuwa na subira na mtu mvivu. Siku moja alisimama mbele ya darasa akainamisha kichwa kwa ghafla, mikono ikaruka juu, akatulia, kisha tena, kisha tena. Tukadhani anacheza. Akatwambia kuna kifafa cha watoto wachanga kinachokuja hivyo, kwa mfululizo, hasa mtoto anapoamka, na kwamba madaktari wa kale wa Ulaya walikipa jina la salamu, kwa kuwa mtoto huonekana kama anayesalimia kwa adabu. Kisha akaninyoshea kidole: "Wewe wa Pwani, wewe ndiye utakayekiona kimevishwa kanzu."

Basi sikuandika dawa. Niliwaomba wakae mpaka mtoto alale na aamke. Bi Zena hakupenda kungojeshwa, lakini alikaa. Twaha alinyonya, akasinzia. Mimi nikaenda kuwaona wagonjwa wengine, na nilipoitwa kwamba ameanza kujinyosha nilirudi mbio. Nikachuchumaa mbele yake.

Kichwa kilianguka mbele, mikono ikaruka. Sekunde moja. Akatulia. Kichwa kikaanguka tena. Kila mara macho yake yalikuwa yamefunguka na hayatazami chochote. Mfululizo ulipokwisha alilia kilio cha mtu aliyetishwa.

Nilimgeukia mama yake. Na hapa nitawapa jambo moja mlichukue muende nalo. Mama wa mtoto mgonjwa akiulizwa mtoto ana nini, atakwambia yale ambayo nyumba nzima imeshakubaliana kusema. Muulize mtoto ameacha nini.

"Nasra," nikasema, "Twaha ameacha nini?"

Alimtazama mkwewe, akanitazama mimi. "Ameacha kunicheka," akasema. "Kwanza alikuwa akiniona hucheka. Sasa hanitazami."

"Tangu lini?"

"Tangu aanze kurukuu."

Niliwaacha nikaenda chumba cha simu, nikamwomba mtu wa simu anitafutie Nairobi. Ilichukua muda, laini zilikuwa zikikatika. Profesa alipokuja nilimweleza kwa pumzi moja.

"Anatabasamu?" akauliza.

"Ameacha."

"Una mashine ya kupima umeme wa ubongo huko?"

"Hatuna. Labda nimpeleke Nairobi."

"Utampeleka baadaye, kipimo kitathibitisha. Dawa usiicheleweshe. Hizo dawa za kifafa mlizo nazo kabatini hazitamfaa. Mpe vidonge vya steroidi, kwa kipimo kikubwa, nitakutajia. Mlaze wodini. Mpime presha, mpime mkojo, mweke mbali na kila mwenye kikohozi. Na usije ukaikata dawa ghafla, ishushe taratibu. Maryam, ubongo wa umri huu hujengwa kila siku. Siku unazozipoteza hazirudi."

Kumpata mgonjwa na dawa yake ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ilikuwa imekaa kitini, na udi wake.

Nilipowaeleza kwamba ni kifafa, Nasra alimkumbatia mtoto akafumba macho. Bi Zena hakuinua sauti. Watu wa namna yake hawainui sauti.

"Wewe binti ya muuza leso," akasema, "umekwenda Nairobi ukarudi kutwambia kwamba sala ni maradhi?"

"La, bibi. Sala si maradhi. Anayesali hunuia. Huyu hakunuia, ubongo wake wamtupa. Mtu akirukuu huinuka ametulia. Twaha huinuka akilia."

"Mimi nimemwona kwa macho yangu."

"Na mimi nimemwona. Tungoje tumwone pamoja. Atakapoamka tena, muite jina lake wakati ameinama. Ikiwa atakugeukia, mchukue mwende zenu, nami nitakuja nyumbani kukuomba radhi."

Sikusema vile kwa kubahatisha. Nilijua nilichokiona. Nawaambia hili kwa sababu wengi wenu mnadhani unyenyekevu ni kusema "labda" kila sentensi. Kuna wakati mgonjwa anahitaji daktari anayejua na anayesema kwamba anajua.

Tukangoja. Chakula cha mchana kikapita. Twaha alilala tena, na alipoamka Bi Zena alikuwa ameshainamisha uso wake karibu na uso wa mtoto. Kichwa kikaanguka.

"Twaha," akaita. "Twaha, baba. Twaha, mimi bibi yako."

Mikono iliruka, ikashuka. Macho yalipita juu ya uso wake kama kwamba hapakuwa na mtu. Akamwita mfululizo mzima mpaka kilio kilipoanza, na mtoto hakumgeukia hata mara moja. Bi Zena alinyoka polepole, akaweka mkono kwenye shuka ya kitanda.

"Mpe dawa," akasema. Kisha akaongeza, "Na wale watu waliokuja nyumbani, nitawaambia nini?"

"Waambie mtoto hawezi, na yuwatibiwa."

Aliitikia kwa kichwa mara moja, kama mtu aliyekubali biashara ngumu, na tangu hapo hakubishana nami tena.

Dawa ile si mchezo. Twaha alikuwa na njaa isiyoisha na hasira ya mzee aliyenyimwa kahawa. Uso wake ulivimba ukawa mviringo, na Bi Zena akafurahi kwamba mtoto amenawiri. Nikamweleza kwamba ni dawa, uvimbe utashuka. Nilipomwambia kwamba wageni wakatazwe, kwa kuwa kinga ya mtoto imepungua, alihamishia kiti chake mlangoni mwa wodi. Jamaa walikuja kutoka Mambrui na wengine kutoka Lamu na vyombo vya biriani, na wote walirudishwa. Nilimsikia akimwambia mmoja, "Kama wampenda, kohoa ukiwa kwenu."

Mishtuko ilipungua, halafu ikarudi, halafu ikapungua tena. Kila asubuhi nilikuwa nikija mapema niwepo anapoamka. Nilijizuia nisitumaini kwa haraka, na sikufanikiwa. Kisha ikaja asubuhi moja mtoto akajinyosha, akapiga miayo, na kichwa kikakaa mahali pake. Ikaja nyingine. Asubuhi ya tatu au ya nne hivi, Nasra alikuwa amemwinamia kumfunga nepi, na Twaha akamtazama. Akamtazama kwa muda mrefu, kama anayesoma kitu kwa shida. Halafu mdomo ukaenda upande mmoja, ukaenda upande wa pili, na mtoto akacheka.

Nasra hakusogea, nepi imo mkononi, akiogopa kwamba akisogea kicheko kitaondoka. Bi Zena aligeukia ukuta. Mimi niliendelea na raundi yangu, nikamuuliza mgonjwa wa kitanda cha pili maswali ambayo nilikuwa nimeshamuuliza, naye akanijibu upya kwa heshima.

Kipimo cha Nairobi, walipokwenda baadaye, kilionyesha kwamba dhoruba ile ya umeme kichwani ilikuwa imetulia. Twaha alichelewa kidogo kutembea, na shuleni hesabu zilimpiga chenga. Leo ni mtu mzima, fundi wa mafriji na viyoyozi kwenye hoteli za Bofa, na hesabu za kazi hufanyiwa na mkewe. Nawatajia hayo yote kwa sababu kupona si lazima kuwe kamili ndipo kuitwe kupona.

Nilipompigia Profesa simu kumwambia kwamba mtoto amecheka, alisema, "Vizuri. Sasa wewe waja lini?"

"Kuja wapi?"

"Kusoma. Au wataka kunipigia simu maisha yako yote?"

Mkuu wangu wa kazi aliposikia alinihurumia. "Daktari wa ubongo wa watoto, hapa?" akasema. "Hapa glavu zenyewe hututoroka." Hakuwa mtu mbaya, alikuwa amechoka. Nikamwambia kwamba hao watoto tayari wako hapa, wako foleni yake kila asubuhi, ila wameandikwa msango, au malaria, au utundu. Baba aliniuliza kama kazi hiyo ina wagonjwa wa kutosha. Nikamwambia, kwa bahati mbaya, inao.

Nikarudi Nairobi kusomea magonjwa ya watoto, kisha nikaenda kusini mwa Afrika kusomea ubongo wa watoto. Huko baridi ilikuwa ikinitoa machozi. Nilijifunza mengi ya vitabuni, na mengi ya sakafuni. Mtoto mtazame kabla hujamgusa. Keti chini, umpe kitu cha kuchezea, uone anatumia mkono gani na anaukimbia upi. Aliyelala usimwamshe, ngoja aamke mwenyewe, huenda ugonjwa wote ukauona hapo. Mtazame na ngozi kwenye mwanga mzuri, kwani kuna magonjwa ya ubongo yanayoacha madoa meupe mgongoni.

Mengine niliyajua kwa kuwa nimezaliwa hapa. Mashine ya kupima umeme wa ubongo ilipofika pwani, haikusoma chochote siku ya kwanza, na fundi akataka kuirudisha. Nikavitazama vichwa vya watoto waliokuwa wakingoja, vyote vinang'aa. Mama gani wa pwani atampeleka mwanawe kwa daktari bila kumpaka mafuta ya nazi? Tukaanza kuwaambia wawaoshe nywele kwa sabuni kwanza, na mashine ikapona. Mtoto mmoja wa madrasa, nilipokuwa nikimbandika zile nyaya, aliniuliza kwa sauti ya chini kama karatasi itaonyesha nani aliyekula halua ya wageni. Nikamwambia itaonyesha umeme tu. Akashusha pumzi, na kipimo chake kikawa kizuri sana.

Niliporudi niligawa siku zangu, nyingine Malindi na nyingine nje huko, mpaka Vitengeni. Kule kifafa wengi hukiita vitsala, na degedege la mtoto wengine husema ni nyuni, ndege wa pepo. Sikupoteza muda kubishana na ndege. Mtoto akija na hirizi shingoni, iacheni. Haizuii kidonge, na mama aliyeheshimiwa hurudi kuchukua kidonge cha mwezi wa pili. Daktari kijana niliyefanya naye kazi alimvua mtoto hirizi kwa mkasi, na familia ile hatukuiona tena. Hilo halimo kwenye kitabu chochote cha dawa, lakini limeua watoto.

Siku hizi mzazi hunionyesha video. Ni rehema kubwa, na sakafu yangu imepumzika. Lakini itazameni mara mbili. Mara ya kwanza utaona mikono na miguu, kwa kuwa hiyo ndiyo inayotisha. Mara ya pili tazama macho.

Mtoto wa pili nitakayewatajia aliletwa na Bi Zena. Alikuwa amezeeka, anatembea kwa fimbo, lakini alikwenda shambani kwao upande wa Marafa wakati wa kuvuna korosho, na katika wanawake waliokuwa wakichambua alimwona mmoja, Kache, amembeba mwanawe mgongoni. Mtoto aliamka, kichwa kikaanguka, mikono ikaruka. Bi Zena hakungoja mshtuko wa pili. Alimsimamisha Kache kazini, akamtia garini, akaja naye moja kwa moja kliniki kwangu, mikono ya Kache ingali ina weusi wa maganda.

Mtoto aliitwa Sidi. Alikuwa ameshapita mwaka, na mishtuko ilikuwa imemwandama tangu yuko mdogo kabisa. Nilimpa dawa siku ile ile. Mishtuko ilikoma, na nilishukuru. Lakini shingo ilibaki legelege, na macho yalikuwa yakipita. Miezi ile ilikuwa imekwenda. Bi Zena aliniuliza kwa macho, nikatikisa kichwa, naye akatoka nje akakaa kwenye benchi.

Kache alirudi kliniki kila nilipomwita. Safari moja, nilipokuwa nikimpima Sidi magoti, aliniambia, "Dakitari, watu kule kwetu wasema nabeba jiwe. Niambie ukweli. Huyu mtoto, atanijua mimi?"

Sikutaka kumjibu kwa maneno matupu. "Nipe," nikasema.

Nikamchukua Sidi, nikamweka begani kwangu. Mwili wake mdogo ulikakamaa. Pumzi zikawa za haraka, uso ukakunjana, akaanza kulia, kilio chembamba. Nikambembeleza, nikamwimbia. Kilio kikazidi.

"Pita nyuma yangu, asikuone," nikamwambia Kache. "Sema naye. Useme kama mnavyosema nyumbani."

Kache alisimama nyuma yangu akaanza kusema naye Kigiriama, maneno madogo madogo ya mama na mtoto, mengine sikuyaelewa. Kilio kilikatika. Niliisikia pumzi ya Sidi ikishuka kifuani kwangu, na kile kiganja kilichokuwa ngumi kikafunguka juu ya koti langu. Kichwa, kwa taabu, kikajivuta upande sauti inakotoka.

Nikamrudishia mamake. Alipofika mikononi mwake alilegea kama nguo iliyotoka majini.

"Usiniulize kama atakujua," nikamwambia. "Anakujua. Mimi ndiye ambaye hanijui."

Kache hakulia. Alimtazama binti yake kwa muda, akamfuta mate kidevuni, akakaza leso. Kisha akavuta kiti mbele yangu, akaketi, akaniuliza kwa sauti ya mtu mwenye kazi ya kufanya, "Basi nifunze. Nimkalishe vipi asianguke?"

Nikateremka sakafuni, tukaanza.